Fumbo Halishtakiwi

Mwenye kupita Mtaa wa Uhuru asubuhi ya Jumamosi, akiwa ameiacha Mnazi Mmoja nyuma yake na uso ameuelekeza Kariakoo, hana budi kuziona kanga zilizotundikwa milangoni mwa maduka, doti kwa doti, na kila doti ina jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji wa kanga; na akiyasoma majina hayo kwa utulivu atakiri kwamba hakuna aina ya suto, kijembe wala lawama ambayo haijapata kuuzwa pale kwa bei ya jumla na ya rejareja. Jirani husutwa, mke mwenza hutahayarishwa, hasidi hupigwa mafumbo mbele ya mtaa mzima, na aliyeivaa kanga hupita zake akiitikia salamu za watu kwa adabu kamili. Mahakamani hafikishwi mtu, kwa kuwa kanga haimtaji mtu. Sheria ya kashfa, kama tulivyoirithi kwa Waingereza, hudai kwanza kwamba aliyetwezwa ajulikane. Na ni nani atakayethubutu kusimama kizimbani akaapa kwamba maneno yale yalikuwa yakimsema yeye, ilhali kwa kiapo hichohicho atakuwa amejivika aibu aliyokuwa akiikana?

Sisi watu wa pwani tumeishi na hekima hii kwa karne nyingi, tukaipamba kwa mashairi ya kujibizana na kwa mipasho ya taarabu, na wazee wakatuusia kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Walakini yupo mja mmoja katika mji huu wa Dar es Salaam asiyeweza kujifunika kanga hiyo, naye ni mwalimu wa chuo kikuu. Kazi anayolipwa kuifanya ni kutaja: kutaja jina, tarehe, kiasi cha fedha, namba ya mkataba na pahala ulipotiwa saini, na pindi akiyafumba hayo, aliyoyaandika huwa yameacha kuwa elimu yakawa utani wa barazani. Hivyo mtu yule ambaye jamii imemtuma aseme bayana ndiye anayesimama mbele ya sheria ya kashfa akiwa uchi kuliko mtunzi wa taarabu, kuliko muuza kanga, na kuliko mimi mwandishi wa makala za mwisho wa juma, ambaye aghalabu naweza kusema "wapo watu" na mambo yakaisha.

Kabla ya kumtetea msomi, insafu yataka tuusikilize kwanza upande wa yule anayelalamika kuwa jina lake limechafuliwa, na pa kumsikilizia hapana pema zaidi ya Kariakoo yenyewe. Hapa kuna biashara iitwayo mali kauli: mfanyabiashara wa jumla humpa mwenziwe mzigo wa nguo au wa vyombo pasipo kupokea hata senti, kwa kauli tu kwamba baada ya siku kadha wa kadha utakapouzwa fedha italetwa, na mara nyingi kauli hiyo haina karatasi, haina wakili, wala haina shahidi ila wale wapagazi waliokuwa wakishusha mabunda. Mtaji wa mtu wa namna hiyo haumo benki wala stoo, umo katika jina lake. Neno moja la uzushi likitoka Mtaa wa Kongo asubuhi, kwamba fulani amefilisika au fulani hurejesha mali ikiwa imechezewa, litafika Msimbazi kabla ya adhuhuri, na hata jioni ikiingia mtu huyo hatapata wa kumkopesha paketi ya sindano. Kwa mtu huyu heshima si pambo la nafsi, ni chakula cha wanawe. Na sheria inayomwezesha kumwita mzushi mbele ya hakimu akamtaka athibitishe au alipe ni sheria ya haki, ambayo mimi sitaki kuiona ikifutwa.

Taabu huanza pale ngao iliyochongwa kumkinga mchuuzi inapochukuliwa na mwenye bunduki.

Mwaka 1951 Shaaban Robert, aliyekuwa akila mshahara wa serikali ya kikoloni kama karani, alitoa kitabu chake Kusadikika, ambamo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuifundisha elimu ya sheria. Naomba msomaji aitazame tuhuma hiyo kwa makini: Karama hakuiba, hakuua wala hakufanya fitina ya upanga, kosa lake lilikuwa ni somo. Kitabu kilipigwa chapa na wachapaji wa Kiingereza, kikaingia mashuleni, wanafunzi wakakariri habari za nchi iliyo angani, na mwandishi wake akalala nyumbani kwake salama. Wenye akili walijua nchi ile i wapi. Lakini ni bwana shauri yupi, yaani mkuu yupi wa wilaya wa kikoloni, angejitokeza kudai kwamba Majivuno ni yeye?

Miaka saba baadaye, katika mji huuhuu, mwalimu mmoja aliandika bila kufumba. Julius Nyerere alikuwa ameiacha kazi yake ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mwaka 1955, baada ya kutakiwa achague kati ya ubao na siasa, na mwaka 1958 alikuwa akikiongoza chama cha TANU kutoka ofisi yake ya New Street, mtaa ambao leo twauita Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo. Chama hakikuwa na kiwanda cha kupigia chapa; kilikuwa na Sauti ya TANU, kijarida cha kurasa zilizotolewa kwa stensili, ambazo wino wake huwapaka wasomaji vidoleni. Katika toleo moja la kijarida hicho Nyerere aliwatuhumu mabwana shauri wawili wa mikoani kwa namna walivyokuwa wakiwaandama wanachama wa TANU katika wilaya zao. Na serikali, badala ya kuunda tume ya kuchunguza kama tuhuma zilikuwa na ukweli, ikamfungulia mwandishi mashtaka ya kashfa. Nayo hayakuwa madai ya fidia baina ya mtu na mtu. Yalikuwa mashtaka ya jinai, ambamo Mfalme au Malkia huwa ndiye mshtaki, na jela huwa mlangoni ikingoja.

Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam mwezi wa Julai na wa Agosti 1958, wakati Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza ametia mguu nchini. Kutoka London alikuja D. N. Pritt, wakili aliyekwisha kumtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria, na pamoja naye walisimama mawakili wa mjini, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Watu walijaa nje ya mahakama. Wengi wao hawakukijua Kiingereza cha mawakili, wala pengine hawakupata kuuona ukurasa wenyewe uliokuwa ukishitakiwa, lakini walifahamu barabara kwamba anayehukumiwa humo ndani ni haki yao ya kumtaja mkubwa kwa jina.

Na hapa yafaa nitue kidogo kwenye kanuni ya sheria yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyo roho ya jambo hili, na wengi wetu huidhania sivyo. Msomaji wa kawaida hudhani kuwa kashfa ni uongo, na kwamba mwenye kusema kweli yu salama. Hasha. Katika kashfa ya jinai, kama ilivyoandikwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, kweli peke yake haikumtosha mshitakiwa. Ilimpasa aonyeshe pia kwamba kuitangaza kweli hiyo kulikuwa na manufaa kwa umma. Mzigo wote huo wa ithibati ulikuwa juu ya mabega yake yeye aliyesema, si juu ya aliyesemwa. Bwana shauri, mwenye mafaili, makarani, matarishi na askari, hakulazimishwa kuonyesha kwamba alitenda haki. Mwalimu mwenye mashine ya stensili ndiye aliyetakiwa kuleta mashahidi kutoka vijiji vya mbali, wakulima ambao wangerudi kwao kesho yake na kumkuta bwana shauri yuleyule akiwangoja. Katika mizani ya namna hiyo, haihitaji hakimu mwovu ili kweli ishindwe.

Nyerere alitiwa hatiani, akapewa hiari ya kulipa faini ya pauni 150, ambazo ni shilingi 3,000, au kwenda jela miezi sita. Akalipa. Uchaguzi wa kura tatu ulikuwa ukikaribia, na chama kilimhitaji nje kuliko gerezani.

Sasa nastaajabia jiografia ya mji wetu. Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya bendera ya Uingereza kuteremshwa, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa uleule, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake hawakufika 15. Somo walilofundishwa lilikuwa moja tu, nalo ni sheria. Elimu ambayo Karama alishitakiwa kwayo katika hadithi ilipata darasa lake pale ambapo Sauti ya TANU ilikuwa ikisomwa, na vijana wale, wakitoka mafunzoni adhuhuri, walikwenda kula kwa mama ntilie wa Kariakoo. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, Ubungo, kwenye hewa safi na nyasi. Nami sina hakika kama kuhama huko hakukupunguza kitu, kwa maana msomi aliyekaa kilimani huona mbali, lakini hasikii tena sokoni wanasema nini.

Ingekuwa jambo la kufurahisha kuandika kwamba yule aliyehukumiwa mwaka 1958, alipokuwa Rais na, tangu 1970, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifunga milele kalamu ya mashtaka. Mambo hayakuwa hivyo, wala hayakuwa kinyume chake kabisa. Desemba 1969 Walter Rodney, mwalimu wa historia Mlimani, alitoa hotuba kali katika semina ya vijana, na The Nationalist, gazeti la chama ambalo mhariri wake wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, likamjibu kwa tahariri kali zaidi. Rodney akaandika barua ya kujieleza, akabaki kazini, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika kikachapishwa London na Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa kalamu kwa kalamu, na japo tahariri ile ilikuwa na sauti ya mzee anayemkemea mgeni, haikumwita mtu mahakamani. Mwaka mmoja baada ya tahariri hiyo, adabu hiyo ilikwisha. Wanafunzi waliokuwa wakitoa jarida la Cheche, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walichapa insha ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yasiyo na sauti, insha ambayo haikuishia kwenye nadharia, bali ilifungua vitabu vya Shirika la Maendeleo la Taifa na kuonyesha mikataba yake na makampuni ya nje. Ilitaja. Mwezi wa Novemba 1970 jarida likapigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa kikilitoa. Na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe, iliihifadhi kashfa ya jinai kama kitu cha tunu kilichoachwa na marehemu.

Juu ya yaliyofuata nitapita upesi. Aprili 1990 wanataaluma wa vyuo vya juu nchini walitoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na Novemba mwaka huohuo wenzao wa Afrika wakatoa lao mjini Kampala. Baina ya maazimio hayo mawili, kana kwamba historia ilitaka kutia mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na serikali kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikairithi kashfa ya jinai kutoka kwa mama yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha, ilikuwa imekwisha kuamua Desemba 2014, katika shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga mtu jela kwa kashfa kunavunja haki yake; na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha, ikasema vifungu vya kashfa ya jinai katika sheria yetu hiyo ya 2016 vinapingana na mkataba wa Jumuiya. Bunge likaviondoa mwaka 2023. Kutoka faini ile ya shilingi 3,000 hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 65.

Katikati ya safari hiyo kulikuwa na mtihani mwingine ulioonyesha kwamba hata namba, ambazo hazina ulimi, zaweza kuonekana zinamkashifu mtu. Julai 2018 taasisi ya Twaweza ilitangaza maoni ya wananchi yaliyoonyesha kushuka kwa kiwango cha kumkubali Rais wa wakati huo, na swali lililofuata kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia halikuwa kama hesabu zilikosewa, bali kama kibali kilikuwapo. Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa ili iwe kosa kutangaza takwimu zinazopotosha au kuzitia ila takwimu rasmi, na mwaka uliofuata ikalegezwa tena. Mwalimu wa hisabati aliyenizoea alinitania wakati ule kwamba sasa wastani nao una hadhi yake ya kulindwa.

Basi jela imeondoka. Kilichobaki ni fidia, na wapo wanaodhani kwamba kwa kuondoka jela msomi amekuwa huru. Mimi sioni hivyo. Mwalimu anayepokea barua ya wakili yenye kumtaka aombe radhi kwa siku saba au adaiwe mamilioni ya shilingi hahitaji kushindwa kesi ili aumie. Anaumia kwa kuajiri wakili, kwa kuacha vipindi akahudhuria mahakamani, kwa kuona shauri likiahirishwa hadi tarehe nyingine na nyingine, na kwa kuona mkuu wa idara anaanza kumsalimu kwa mbali. Anayemdai, kama ni kampuni, hulipa gharama hizo katika fungu lilelile linalolipia matangazo. Huko Kenya, mwaka 2000, mwanasiasa Nicholas Biwott alipewa na mahakama shilingi milioni 30 za Kenya kwa sababu ya kitabu cha daktari wa Kiingereza kilichogusa kifo cha waziri Robert Ouko, na walioburutwa mahakamani hawakuwa waandishi peke yao, bali na wauza vitabu waliokiweka rafuni. Muuza vitabu hawezi kuchunguza kila ukurasa wa kila kitabu. Akishaumwa mara moja, atachagua kuuza vitabu vya mapishi.

Waingereza wenyewe, waliotuachia urithi huu, walilazimika kuufanyia ukarabati. Mwandishi wa sayansi Simon Singh alidaiwa na chama cha wanyoosha mifupa kwa kusema kwamba baadhi ya matibabu yao hayana ithibati. Alihangaika tangu 2008 hadi Aprili 2010, Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba maneno yake yalikuwa maoni, na kwamba mahakama si pahala pa kukata mashauri ya sayansi. Sheria yao ya Kashfa ya mwaka 2013 ikaweka kinga mahususi kwa maandishi ya jarida la kitaaluma ambayo yamepitiwa kwanza na wajuzi wa fani hiyo, madhali hayakuandikwa kwa chuki. Karibu nasi zaidi, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, imeutaja uhuru wa taaluma na wa utafiti kwa jina lake, na ibara hiyohiyo ikataka heshima za watu zichungwe. Katiba ya Uganda nayo imeutaja. Katiba yetu ya mwaka 1977 yampa kila mtu uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na yampa mbunge kinga kamili ya maneno yake ndani ya Bunge katika ibara ya 100. Mbunge aweza kumtaja mtu yeyote kwa lolote, akiwa na ushahidi au hana, na mahakama haimgusi. Profesa aliyekaa miaka mitatu na mafaili hana ibara yake. Sioni kwa nini sisi tushindwe kutunga kinga kama ile ya jarida la kitaaluma, yenye sharti lilelile la kutokuwa na chuki, ili anayedhani kuwa ameonewa na utafiti alete utafiti, na jarida lilazimike kumchapa.

Nasema hivi huku nikijua kwamba si kila kilichovaa tanbihi ni elimu. Wamo wasomi ambao wamepeleka masengenyo yao jaridani, wakayatia marejeo kama mtu anayetia iliki kwenye chai ya jana, na wamo waliowataja watu wadogo wasio na wakili kwa ujasiri ambao hawakuwa nao walipofika kwa wakubwa. Wale waliotoa Azimio la 1990 hawakuwa wajinga kuuweka wajibu katika jina lenyewe la Azimio. Lakini dawa ya msomi mwongo ni kukanushwa na wenziwe, hadharani, kwa jina, jambo ambalo kwetu limekuwa adimu, kwa kuwa tumezoeana na tunakutana misibani.

Marehemu Seithy Chachage, profesa wa sosholojia wa Mlimani, aliandika tafiti mchana na riwaya usiku. Almasi za Bandia ilitoka 1991, Makuadi wa Soko Huria 2002. Sithubutu kusema kwamba alikimbilia hadithi kwa hofu, maana alikuwa mtu wa kusema waziwazi hata katika mikutano ambayo wengine walitazama dari. Lakini wapo waliomfuata katika riwaya bila ya kumfuata mikutanoni, na nusu karne baada ya Kusadikika tulikuwa tumerudi kwenye nchi iliyo angani.

Mwaka juzi binti mmoja aliyekuwa akimalizia shahada ya pili alinionyesha tasnifu yake barazani kwangu. Alikuwa amekaa miezi tisa Kariakoo akifuatilia namna vizimba vya biashara vinavyogawiwa, nani hupewa, nani hulipa mara mbili na nani hupokea. Alikuwa na nakala za risiti na aliwahoji watu wengi, ambao majina yao aliyaficha kwa amana, kama inavyompasa mtafiti. Msimamizi wake alimsifu, kisha akamshauri awafiche na wale waliopokea. Akawafanya Afisa A na Afisa B. Kamati ikashauri kampuni nayo ifichwe, ikawa Kampuni C. Chuo, chenye wakili wake, kikaona soko lenyewe litambulikana upesi, naye akaandika "soko moja kubwa la mjini", ingawa kila msomaji angejua ni soko gani lililozungukwa na Mtaa wa Mkunguni na wa Swahili. Alipomaliza kuyafuta yote aliifunga tasnifu kwa jalada jeusi la maandishi ya dhahabu, akaniletea nakala. Niliipekua yote mbele yake. Miongoni mwa watu wote waliokuwamo katika habari ile, jina la mmoja tu lilikuwa limebaki kamili, na tarehe na pahala alipo, nalo lilikuwa jina lake yeye, juu ya jalada.